Baba Mkwe Alipomwombea Shujaa Wangu

Jumapili baba mkwe alishuka kutoka milimani na gunia la kabichi, akanikuta sebuleni kwangu Mazimbu nacheza gemu. Mtu mzima, baba wa watoto! Kwa aibu nikaficha padi ya gemu chini ya mto wa kochi, nikamwamkia.

"Marahaba. Sinema gani hiyo?"

Gemu lenyewe limetengenezwa kama sinema kweli. Nikasema, "Ya vita, baba." Laiti ningesema ukweli palepale.

Akaketi, akataka tuendelee kutazama. Ikabidi nicheze kwa siri, mikono yote chini ya mto kama mwenye homa. Nilipokuwa napapasa kutafuta vitufe vya padi, shujaa akasimama tuli.

"Mbona hasogei?"

"Anawaza, baba."

"Ana busara kijana huyu." Tayari alishampenda.

Likatokea jitu lenye shoka. Likiinua shoka unakinga, likichoka unapiga. Hakuna siri nyingine. Baba mkwe akatoa rozari. Mimi, vidole vikiteleza kwa jasho, nikabonyeza kupiga badala ya kukinga. Shujaa akafa. Mzee akavua kofia, akaanza sala ya marehemu, nami, Mungu anisamehe, nikaitikia "Amina".

Kabla hajamaliza, shujaa akafufuka mbele ya jitu lilelile, akapigwa tena, na padi, ambayo hutetemeka shujaa akipigwa, ikanguruma chini ya mto. Mzee akauinua mto, akaitazama mikono yangu.

"Kwa hiyo mwanangu," akasema taratibu, "wakati mimi namwombea, wewe ndiye uliyekuwa unamwua?"