Kiti cha Buluu cha Kaka Yangu Polikarpos

Kaka yangu Polikarpos ni fundi rangi, na kwa miaka kumi na miwili alikataa kugusa rangi ya kijani. Nasema fundi rangi! Mjane mmoja wa mtaa wa juu alimwita ampakie rangi madirishani, akataka kijani kile kile alichoachiwa na marehemu mumewe. Polikarpos akaweka brashi chini.

"Mama, nitakupakia zeituni."

"Zeituni si ni kijani?"

"Zeituni ni zeituni. Haina chama."

Mjane wa watu akaishi na madirisha ya rangi ya matope tangu siku hiyo, na kaka yangu akarudi mkahawani kujisifu kwamba amekitetea chama.

Mikahawa yetu iko miwili, inatazamana, barabara inapita katikati. Mwanzo ilikuwa mikahawa tu. Mwaka ule watu wa chama cha Kijani waliposhika nchi kwa mara ya kwanza, Zisis, mwenye mkahawa wa upande wa kanisa, alipaka viti vyake vyote kijani kwa furaha. Wa upande wa pili wakaona wametukanwa, wakataka vyao viwe buluu, rangi ya chama chao. Aliyevipaka ni nani? Ndugu yangu, mikono miwili ya rangi kila kiti, bure, na kimoja akakiandika jina lake chini ya makalio. Tangu hapo kijijini kwetu humwulizi mtu anafuata chama gani. Unatazama amekaa wapi.

Sasa mume wangu, Anestis, mfuga nyuki, alikuwa Kijani.

Hao wawili walikalia benchi moja shuleni. Jeshini walilala kitanda cha juu na cha chini. Polikarpos ndiye aliyemleta Anestis mezani kwetu Pasaka moja, akala mwanakondoo wetu, akanitazama, basi, mwaka uliofuata nikaolewa. Na aliyetuvisha taji za harusi kanisani ni Polikarpos huyo huyo. Kwetu mtu aliyekuvisha taji ni zaidi ya ndugu wa damu. Unaweza kugombana na mama yako mzazi, lakini si na yeye. Kila masika alikuwa anampakia Anestis mizinga ya nyuki, buluu, kwa sababu nyuki wanaipenda buluu, na jioni wanakaa ukutani kwangu wanakula jibini na kuwasema watu.

Wakagombana kwa sentensi tatu. Siku ile ya ushindi Anestis alikuwa kwa Zisis, pombe imempanda, akapiga kelele hadi ng'ambo ya barabara: "Karpos! Shemeji! Njoo unywe na washindi!"

Polikarpos akasimama. "Mguu wangu haukanyagi zizi hilo mpaka nife!"

"Basi ufe upesi, kahawa inapoa!"

Kijiji kizima kikacheka. Yaani ni kicheko tu kile, wala hakuna aliyeibiwa shamba wala aliyetukaniwa mke. Mtu mzima, mwenye binti wa kuozesha, akanuna miaka kumi na miwili kwa sababu alichekwa.

Na mume wangu msidhani alikuwa na akili kumzidi. Wiki ile ile, maua yamejaa, nyuki wako kazini, akaenda kupaka mizinga yake kijani, peke yake, na brashi hajui hata inashikwaje. Nyuki wakarudi na mizigo yao wasijue kwao ni wapi. Wakazunguka, wakaingiliana, wakauana mlangoni. Mimi nimesimama pale nimeshika kiuno.

"Anestis, hata nyuki umewaingiza chamani?"

"Watazoea," akasema, na jicho limemvimba.

Asali mwaka ule haikujaza hata chungu kimoja.

Waheshimiwa wao je? Wa Kijani hatukumwona mpaka uchaguzi mwingine. Wa Buluu alikuja mara moja, akamkumbatia kaka yangu mbele ya watu, akambusu mashavu yote mawili, akamwita Polizois. Na kaka yangu, bwana mkubwa, akaitikia Polizois mchana kutwa! Nilimwuliza baadaye kwa nini hakumsahihisha. Akasema mheshimiwa ana mambo mengi kichwani. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na panzi wetu wanawapigia kunguru makofi.

Mke wa kaka yangu alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo nguo zake nilifua mimi. Kila Jumatatu analeta furushi, analiweka juu ya ukuta, haingii uani, eti ni ua wa Kijani. Soksi zake lakini zinaingia.

Baada ya miaka minne ukaja uchaguzi wa pili. Kwetu ukifika kupiga kura unapewa karatasi za vyama vyote pamoja na bahasha. Unaingia nyuma ya pazia, unatia moja ndani ya bahasha, zilizobaki unatupa kwenye pipa. Polikarpos hakutupa. Ndivyo alivyo, anaamini kuna mtu kazi yake ni kupekua pipa lake. Akazikunja, akazitia mfuko wa ndani wa koti la Jumapili, akazisahau, akaniletea koti.

Nikazikunjua juu ya karai. Karatasi ya wakomunisti ipo. Za vile vyama vidogo visivyo na mtu zipo. Ya Buluu ipo, safi, haina hata alama.

Ya Kijani haipo.

Nilihesabu mara tatu, mikono ina sabuni. Kisha nikakumbuka kwamba binti yake, Lukia, alikuwa anatafuta kazi ya serikali mjini, na mtu wa Kijani alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akiahidi. Na kweli, mwezi wa tisa Lukia akapata kazi. Polikarpos akatangaza mkahawani kwamba mtoto ameajiriwa kwa akili yake, Kijani wakitaka wasitake! Ptu! Nyani haoni kundule.

Ile ya Buluu nikaikausha, nikaiweka nyuma ya picha ya Bikira Maria. Kwa nini sikumwambia mume wangu? Ningemwambia, angepanda juu ya meza ya Zisis akaisoma kama Injili. Kaka yangu angekuwa kichekesho mpaka kaburini, na Lukia angenyooshewa vidole. Nikasema nafsini mwangu, damu ni damu, funga mdomo, Garufalia. Nikafunga miaka minane.

Mwaka wa nane Anestis akaanza kukonda. Mapafu. Kiangazi kilipoisha alikuwa hainuki kitandani, na mimi namlisha supu kwa kijiko. Siku moja akanishika mkono.

"Nikifa, Karpos aje anywe kahawa yangu. Kwa Zisis. Ndani, si dirishani."

Nyie mnajua, ukishazika unakwenda kunywa kahawa ya marehemu, chungu, na tone la konyaki, kwenye mkahawa aliokuwa anakaa. Asiyeinywa ni kama hakuzika.

"Na asipokuja?"

"Watu watasema nilimpoteza rafiki yangu kwa ajili ya viti."

"Ulimpoteza kwa ajili ya viti, Anestis."

Akaukaza mkono wangu. Kisha akasema, "Mlete, mke wangu. Usiponiletea, nitakuwa nimeishi bure."

Nikatoka mpaka ukutani. Ilikuwa Jumatatu, Polikarpos amesimama na furushi lake.

"Anaendeleaje?" akauliza, anatazama viatu.

"Ingia umwone."

"Mwambie anywe chai ya majani ya mlimani, na asali."

"Mwambie mwenyewe. Hatua kumi tu."

"Kwani yeye amewahi kuja kwangu?"

"Hawezi kutembea, we mpumbavu!"

"Basi angetuma mtu."

"Kanituma mimi!"

Akatafuna mdomo. Nilidhani ameelewa. Akasema, "Sasa hivi watu wako mkahawani, Garufalia. Wananiona." Akaacha furushi, akaenda zake.

Anestis alikufa Novemba, siku ya Alhamisi, saa kumi alfajiri. Polikarpos alikuja kanisani, nisimnyime haki yake. Alibeba jeneza upande wa kichwa, alilia kwa sauti mpaka Padri akapoteza mstari. Kaburini alitupa udongo kwa mikono miwili. Wanawake wakaninong'oneza, "Umeona? Damu nzito." Nikasema ngoja tufike barabarani.

Tukateremka wote, manyunyu yanaanza. Tukafika mlangoni kwa Zisis. Wa Buluu wengine waliingia, wakiinamisha vichwa. Kifo ni kifo, hata wao walijua. Polikarpos akafika kizingitini, akasimama. Akatazama chini, pale sakafu inapoanzia. Kisha akageuka, akavuka barabara.

Lakini akarudi. Amebeba kiti. Kiti chake cha buluu, chenye jina lake chini. Akakiweka katikati ya barabara, mbele ya mlango wa Zisis, si huku si kule, akakaa. Mvua inamnyeshea, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kunyolewa.

"Nileteeni hapa," akasema. "Nitamnywea hapa."

Trekta likaja, likapiga honi. Hakusogea. Dereva akachungulia. "Babu, kuna nini?"

"Msiba," akajibu. "Zunguka."

Ndani kuna aliyecheka. Na mimi, mjane wa nusu siku, nilisikia kicheko kile nikajua kabisa hataingia tena, maana ni kile kile cha mwaka ule. Zisis, maskini, akachukua kikombe ampelekee. Nikamnyang'anya trei.

"Acha. Huyu ni wangu."

Asubuhi, nilipokuwa namvalisha Anestis, nilikuwa nimeitoa ile karatasi nyuma ya Bikira, nikaitia kifuani. Sikujua kama nitaitumia. Niliomba nisiitumie. Nikaikunja mara nne, nikaiweka juu ya kisahani, nikakalisha kikombe juu yake, nikatoka mvuani.

"Kunywa, kaka."

"Nilijua utanielewa," akasema. Akainua kikombe. Akaona karatasi, akadhani ni kitambaa cha kufutia mdomo. Akaikunjua.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka namna ile. Alitazama buluu yake, safi, isiyo na alama, na mwaka umechapwa juu kwa herufi kubwa.

"Umeipata wapi?"

"Koti la Jumapili. Miaka minane iliyopita. Wewe ndiye uliyeniletea."

"Lukia alikuwa hana..."

"Sijakuuliza. Nasema hivi: inuka, ingia ndani, kaa kwenye kiti cha kijani, unywe kahawa ya mtu aliyekuvumilia. La sivyo naisoma hapa hapa, na trekta liko, dereva atakuwa shahidi."

Akainuka. Huyo, akaingia! Alivuka kizingiti kama anavuka mto, mguu mmoja kwanza, akangoja kuona kama kitatokea kitu, kisha wa pili. Watu wakampisha. Akakaa kwenye kiti cha Anestis, cha karibu na jiko, akanywa kahawa chungu mpaka machicha, akasema, "Mungu amrehemu." Wote wakaitikia. Wanawake wakalia upya. Padri akainua mikono, akasema, "Mnaona, wanangu? Marehemu ametupatanisha." Wazee wa Buluu na wa Kijani wakagonganisha konyaki. Zisis akajifuta macho kwa aproni. Na kaka yangu, we! Alipoona anatazamwa kwa heshima, akanyoosha mgongo, akaanza kusimulia jinsi yeye na Anestis walivyolala kitanda cha juu na cha chini jeshini, na kwamba urafiki hauna rangi. Alisema hivyo kwa mdomo wake. Urafiki hauna rangi.

Nilimwacha amalize. Nilikuwa nimempa mume wangu alichoomba, hata kama ni kwa kumshika mtu koo.

Wakati wa kutoka akanivuta mkono mlangoni.

"Dada. Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata Anestis?"

"Hata Anestis. Alikufa anaamini wewe ni mtu wa msimamo. Alikuwa anakuheshimu kwa hilo, ujue. Alikuwa akisema, Karpos ni kichwa maji, lakini hageuki."

Nilidhani hapo atalia kilio cha kweli. Akashusha pumzi, mabega yakalegea.

"Afadhali," akasema.

Afadhali! Mimi nilinyamaza miaka minane kumlinda yeye. Ningesema, Anestis angemcheka siku mbili, na ya tatu angechukua chupa akamfuata kwake, kwa sababu angejua rafiki yake naye ni binadamu, ana mtoto anayetafuta kazi. Wangepata miaka minane ya jibini ukutani kwangu. Hayo niliyaona pale pale mlangoni, na nikajua katika wapumbavu wale watatu mimi si wa mwisho.

"Usije ukamwambia mtu, Garufalia," akasema tena.

"Wa kumwambia tumemzika leo."

Hakusikia, au alisikia akapita. Alikwenda katikati ya barabara, akakipangusa kiti chake maji kwa mkono wa koti, akakiangalia kama kimebanduka rangi, akakirudisha ng'ambo. Kesho yake asubuhi, nikienda kuwasha taa kaburini, nilimkuta amekikalia, amekunja nne, anawaambia wenzake kwamba alikwenda kwa Zisis kwa heshima ya marehemu tu na kwamba kahawa ya Kijani ina mchanga.

Jumatatu akaleta furushi ukutani. Nililiacha hapo mpaka likalowa. Nguo zake sasa anafua mwenyewe.