Siku Tuliyokataa Viti

Ukumbi wa maonyesho wa mji ulipofunguliwa, uhuru ukiwa unanukia, tuliambiwa ni wa watu wote. Nikaingia nikakuta viti vimepangwa safu kwa safu, na bwana mtunza ukumbi amesimama mlangoni, funguo kiunoni, akituelekeza pa kukaa. Nilivichukia viti vile tangu dakika ya kwanza.

Kwetu Usukumani kila mtu anajua ngoma inavyoshindaniwa. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wanahamia kule moyo unakowavuta. Upande uliojaa ndio ulioshinda, basi. Sasa tulikuwa tumekalishwa kama wagonjwa wanaosubiri dawa, na mbele yetu waamuzi watatu wenye suti na penseli wakitoa alama za usafi wa sare na za kumaliza kwa wakati. Kikundi kitakachoshinda ndicho kitakachopiga jukwaani humo siku ya sherehe za uhuru.

Kikundi kimoja kilikuwa cha baba yangu na wazee wenzake wa Misungwi. Cha pili kilikuwa cha vijana wa Buhongwa. Asubuhi, nikimshonea kifungo cha koti, baba aliniambia kwamba akiipiga ngoma ya uhuru, hadai kitu kingine duniani. Nami nilitaka aipate. Niseme kweli, sikuinuka kwa ajili ya haki peke yake.

Wazee walipiga, wakapigiwa makofi. Vijana wakapiga, wakapigiwa makofi. Waamuzi wakaandika. Nikasimama.

"Dada, keti," mtunza ukumbi akasema.

"Nikiketi nitaamuaje?"

"Waamuzi wapo."

"Hao ni watatu. Sisi tumejaa ukumbi." Nikawageukia wapigaji. "Pigeni wote pamoja, kama nyumbani."

Wakapiga. Nikasukuma kiti changu kando, nikaenda kusimama upande wa baba, kichwa juu, nikiwa na hakika kwamba ukumbi mzima uko nyuma yangu. Watu waliinuka kweli. Viti viliangushwa, mtunza ukumbi akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kisha wakaenda kwa vijana. Majirani wa mtaani kwetu walipita mbele yangu bila hata kunitazama. Upande wetu tulibaki mimi na mke wa mzee mmoja. Nililia palepale, kwa hasira na kwa aibu.

Ngoma ziliponyamaza, mwamuzi mkuu alisoma karatasi yake kana kwamba hakuna aliyeinuka: wazee wameshinda. Moyo wangu uliruka, sifichi. Baba akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akashukuru, akavuka ukumbi, akampa kiongozi wa vijana.

"Mzee, hiyo ni yenu," mtunza ukumbi akamwambia. "Imeshaandikwa."

"Imeandikwa na waliokaa," baba akasema.

Tukarudi nyumbani. Nilijua kwamba mimi ndiye niliyemkosesha, lakini sikuomba radhi, naye hakuitaka.

Siku ya sherehe tulikuta viti vimepangwa upya. Baba alikuwa amevaa koti lake la ngoma, mikono mitupu. Akakiinua kiti cha kwanza, akakitoa nje, akarudi kuchukua cha pili. Nikashika cha tatu.