Sauti Ng'ambo ya Mstari

Asubuhi ile buti za Kamanda zilikuwa bado zimepinduliwa kwenye kigingi chake, zimekauka, na zamu ilikuwa imeshaanza.

Muuguzi mwenzake alizitazama, akavaa zake. Hakuuliza. Katika kambi ile ya wagonjwa wa mlipuko wa maradhi, nchi ya mbali na kwao, asiyefika zamu alikuwa ama amepanda ndege ama amelazwa. Na siku hiyo hapakuwa na ndege.

Kamanda, muuguzi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya sauti yake, alizikwa huko huko kabla juma halijaisha.

"Watu hudhani hofu iko kitandani kwa mgonjwa. Iko kwenye kuvua," anasema yule muuguzi mwenzake, sasa akiwa amekaa sebuleni kwake, pembeni ya cherehani ya mumewe.

Mtu akitoka wodini, ugonjwa uko juu ya mavazi yake ya kinga. Mwenzake husimama ng'ambo ya mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, anamtajia hatua moja moja: nawa, vua glavu za juu, nawa tena, usishike uso. Anayevua hatakiwi kufikiri, maana amechoka na jasho limemjaa machoni. Anafuata sauti tu.

Wawili hao walikuwa wakipokezana. Zamu ya mwisho ya Kamanda, Kamanda ndiye aliyevua, akataja mwenzake huyu.

"Narudia kila neno nililomwambia. Sioni nilipokosea," anasema. "Waliochunguza nao hawakuona. Ila kutoona hakunipi usingizi."

Aliporudi nyumbani, mumewe, fundi cherehani, alifungua mlango na kumkuta amesimama nje, mikono ameitenga na mwili. Akamtania kwamba kama ni hodi basi ataipiga yeye kutoka ndani. Mkewe hakucheka, wala hakuvuka kizingiti. Alikuwa anasubiri atajiwe hatua.

Ikawa hivyo kila akitoka kazini hospitalini. Alikaa na sare mwilini hadi mama mkwe akaanza kunong'ona kwamba mwanawe ameletewa mgeni. Mshauri wa afya ya akili aliyepangiwa na shirika lililompeleka kambini alimwambia wazi: asipoweza kutaja hatua zote mpaka mwisho bila kukwama, hatarudi mstarini.

Na kurudi ndiko anakokutaka. Ugonjwa ule umeibuka tena.

Mumewe alikataa kwanza. Alisema ameshauazima ulimwengu mke mara moja, karibu asirudishiwe. Kisha akaomba afundishwe zile hatua, avue yeye, mkewe ataje. Akashona vazi la mazoezi kwa turubai la zamani, akalalamika kwamba aliyebuni nguo isiyo na mfuko wala mkanda hakuwa fundi.

Mwanzoni mkewe alikwama kila walipofika kwenye glavu za ndani. Ni kwenye hatua hiyo Kamanda alimtazama akatabasamu nyuma ya miwani, siku ile ya mwisho. Sauti ya mkewe ilikatika, fundi akabaki katikati ya sebule, vazi limemwishia magotini.

"Mama watoto, mimi nitasimama hapa mpaka useme," alimwambia. "Sina mteja leo."

Akasimama. Mama mkwe akapita na ndoo, akamwangalia mwanawe juu hadi chini, akasema hata siku ya harusi hakupendeza hivyo. Muuguzi akacheka, machozi yakamtoka, na katika kicheko hicho hicho akasema, "Vua ya kulia. Polepole. Usiguse nje."

Wiki iliyopita alifanyiwa jaribio mbele ya mshauri. Alitaja hatua zote, kwa sauti ambayo mshauri alimwomba aipunguze kidogo. Alikataa. Anasema ndani ya kofia ya kinga, sauti ya upole haisikiki.

Usingizi bado ni wa kubahatisha. Haahidi kwamba utatulia, na shirika limekubali awe akizungumza na mshauri kwa simu kila wiki akiwa huko.

Anaondoka Jumatatu. Zamu ya kwanza ameomba asiingie wodini. Atasimama mstarini, ataje.