Kiganja Kifuani

Kocha msaidizi wa chuo, yule wa mabeki, haingii kwa Verlene Stallworth bila kujifuta viatu mara mbilimbili. Mkate wa mahindi anaula mpaka makombo, akiyaokota kwa vidole vilivyopindishwa na mpira wa Kimarekani. Sauti imekauka kwa kufokea wachezaji, ila sebuleni huishusha kama mchungaji aliyekuja kumwona mgonjwa. Kila akiahidi, kiganja hufunika nembo ya chuo kwenye fulana yake ya bluu.

“Kendrell nitamlea mwenyewe, mama, mpaka avae joho. Naapa.”

Verlene aliamini, mwanawe akatia sahihi ya kuchezea chuo hicho. Jumapili iliyofuata mlango ukagongwa. Kocha huyo, anajifuta viatu, kavaa fulana nyekundu ya chuo cha mahasimu!

“Wee! Umevaa nini?”

“Kocha mkuu katimuliwa, mama, na sisi wasaidizi wote. Hawa wamenichukua jana. Kendrell anifuate.”

“Si ulisema hawa hata mbuzi hawawezi kumfundisha?”

Hakupepesa jicho. Mkono ukapanda wenyewe kifuani, ukafunika nembo mpya.

“Nitamlea mwenyewe, mama, mpaka avae joho. Naapa.”

Verlene alikitazama kiganja. Chini ya mkono ulioinuliwa kuapa, lebo ya dukani ilikuwa bado inaning’inia kwapani.