Salamu Zilizopanda Juu

Baba alipopoteza uwezo wa kusikia, kwetu Newala, watu walianza kuongea naye kwa kompyuta. Nilimpelekea mashine kuukuu kutoka Masasi ninakofanya kazi ya kompyuta. Haikuwa na picha wala madoido, skrini nyeusi tu yenye herufi nyeupe kubwa, maana mtoto wa jicho naye alikuwa amemwachia nuru kidogo. Mgeni anachapa, baba anasoma polepole, anajibu kwa mdomo. Mistari mipya ikiisukuma ya kwanza juu, anabonyeza vitufe viwili anairudisha.

Aliirudisha kila mara. Alikuwa mwalimu wa zamani, na habari ya mtu hakuigusa kabla hajaitikia shikamoo yake.

Mashine ile ikafa. Nikampelekea nyingine, nayo ikakataa kila kitu isipokuwa toleo jipya la mfumo. Kumbe kwenye kiini cha mfumo huo, mafundi wake walikuwa wamekiondoa kile kipengele cha kurudisha maandishi. Waliandika kwamba kina kasoro, hakuna wa kukitunza, na siku hizi hakuna anayekitumia. Hilo la mwisho lilinichoma. Mzee wangu walimweka fungu gani?

Nikajipa kazi ya kukirudisha. Msimbo wa zamani, yale maagizo yaliyokiendesha, niliupata, lakini kiini kilikuwa kimeshabadilika, na kila nilipoushona hapa ulifumuka kule. Miezi ikaenda hivyo.

Wakati huo mwanafunzi wa zamani wa baba, mkulima wa korosho kutoka Makote, alikuwa akija kumtembelea kila Jumapili baada ya ibada. Yaliyotokea nilisimuliwa na mama. Yule bwana, mwepesi wa vidole, alichapa shikamoo yake, akamwaga na habari za wiki nzima, salamu ikapanda juu ikapotea. Baba alibonyeza vitufe, wapi. Habari zenyewe hakuzisoma. Akavua miwani, akamwambia, "Siku hizi umekuwa mkubwa, huniamkii." Yule bwana aliona anasimangwa. Akaaga kwa heshima, na hakurudi.

Siku nilipofaulu, mistari ikapanda na kushuka kama zamani, yule bwana alikuwa ameugua ghafla na kufariki. Tuliporudi kutoka kumzika Makote, nilikaa kwenye kibodi nikamweleza baba kwamba mtu wake alimwamkia siku ile, ni mashine tu iliyoimeza salamu. Nilijuta kuchelewa, na nilipomwona alivyoinamisha kichwa nikajuta kumwambia.

"Iandike," akasema. "Ile shikamoo yake."

Nikaiandika. Akasogeza uso hadi karibu na skrini.

"Marahaba, mwanangu."

Akafuta miwani kwa pindo la shati, akaivaa tena, akanigeukia.

"Haya, nipe na habari zake."

Nikabonyeza vile vitufe viwili hadi mstari wa kwanza: mistari yote ilikuwa yangu, habari zake za Jumapili ile hazikuwamo.