Shuka Lisilo na Uzi

Dobi alikuwa mtu wa alama. Kila nguo iliyoingia kibandani kwake, kabla haijaonja maji, ilishonwa kijiuzi upindoni: chekundu kwa mwalimu mkuu, kijani kwa wale mapacha wa nyumba ya ghorofa, cheusi kwa yule bwana anayelalamika hata kabla hajafungua mfuko. Hakuna mteja aliyewahi kuvaa suruali ya mwenzake, na Dobi alijivunia hilo kuliko wengine wanavyojivunia watoto wao. Nguo za nyumbani kwake tu ndizo hakuzitia kitu, kwani nani angezigombania?

Kitu alichoshindwa kujua ni cha nani kilikuwa ile shule ya kwenye simu. Binti yake wa mwisho alikuwa darasa la mtihani. Walimwita Kimya, maana nyumbani alijibu "ndiyo baba" na "hapana baba" na siku ikaisha. Mwalimu wao wa fizikia alihamishwa mwanzoni mwa mwaka, na mahali pake hakuja hata kivuli. Bila fizikia binti hakuwa na njia ya kwenda kusomea ufundi wa umeme, na huo ufundi ndio kitu pekee alichowahi kumwomba baba yake. Kwa hiyo Dobi alipomkuta kila mara ameinamia simu aliyoachiwa na kaka yake, akitazama video za mwanamke anayechemsha maji kwenye sufuria, roho ilimuuma. Kuchemsha maji, alisema, hata bibi yake angemfundisha.

Kimya alijaribu kumweleza kwamba yule ni mwalimu wa chuo, na kwamba kuna kundi la wanafunzi wa shule mbalimbali wanaosoma naye. Dobi akataka kujua shule hiyo iko mtaa gani. Akaambiwa haina mtaa. Mwalimu mkuu wake? Haina. Basi nani aliyewakutanisha? Binti akasema walikutana tu mtandaoni, na hapo mzee akachoka kabisa. Vitu vilivyokutana tu, visivyojulikana vimetoka wapi, kibandani kwake vilikuwa na kapu lao pembeni.

Matokeo ya nusu muhula yalipokuja, fizikia ilikuwa imelala chini ya zote. Jumamosi asubuhi Dobi akamnyang'anya simu. Samaki mkunje angali mbichi, akasema, na alilisema kwa sauti ya mtu ambaye hana hakika kama samaki mwenyewe bado ni mbichi.

"Baba, leo ni zamu yangu," Kimya akasema.

Alipoona haulizwi zamu ya nini, akajitwisha beseni akaenda uani kufua.

Dobi akawasha pasi. Katika rundo la nguo zilizoanuliwa akavuta shuka la maua ya buluu, bado lina unyevu, akalipitisha pasi mara moja, kisha kwa mazoea akageuza upindo. Hapakuwa na uzi. Akageuza upande wa pili. Hapakuwa na uzi. Jasho likamtoka, na si la pasi. Miaka yote hiyo, leo shuka la watu limwaibishe?

Akakumbuka kwamba Kimya huzipiga picha nguo zilizokosa wenyewe na kuzituma kwenye kundi la wateja. Simu ilikuwa mfukoni mwake na haikuwa na namba ya siri, jambo ambalo lingempa mtu mwingine la kufikiri. Akalipiga shuka picha, pasi ikiwa juu yake na mvuke ukipanda, akabonyeza kundi la juu kabisa, kisha akasema kwa ile sauti ya kuongea na wadeni sugu: "Nauliza. Anayejua aseme, na aseme ukweli."

Majibu yakaja kama kuku waliomwagiwa mtama. Kijana mmoja akasema maji ndiyo yanayochukua joto la pasi, ndiyo maana shuka haliungui. Msichana akamsahihisha: joto hilo linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na yakishaisha ndipo kitambaa kitaungua. Wa tatu akauliza pasi ni ya mkaa au ya umeme. Wateja wamepatwa na nini leo? Akarekodi tena kwamba hakuuliza habari za mvuke, ameuliza ni la nani. Wakanong'onezana kwa maandishi, mmoja akasema huyu mwalimu mgeni ana maswali ya mtego. Dobi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Watu walikuwa wale wale, na hakumjua hata mmoja.

Kisha ikaja sauti ya yule mwanamke wa sufuria.

"Shikamoo baba. Bila shaka wewe ndiye dobi. Leo ni zamu ya binti yako kutuletea picha ya nyumbani na kutueleza kilichomo. Na kabla ya saa sita nachagua watakaokuja kwangu chuoni, wiki nzima ya mazoezi ya maabara. Asiposikika leo sitaweza kumweka. Yuko wapi?"

Amejuaje kwamba yeye ni dobi? Dobi akakipandisha kioo kwa kidole, akibonyeza hapa na pale, na mara kibanda kikajaa sauti ya Kimya. Lakini haikuwa ile ya "ndiyo baba". Ilikuwa ikienda mbio, ikicheka.

"Nyie hamjamwona baba yangu akipima pasi. Hagusi. Anadondosha tone la maji, likikimbia juu ya chuma badala ya kutulia, anajua moto umezidi. Sasa kwa nini linakimbia? Mtihani wa juzi nililikosa hili kwa sababu nilikariri tu. Ngojeni niwaeleze, sasa nimelielewa."

Alisikiliza mpaka mwisho, akarudia. Zilikuwapo sauti nyingine: baba yangu hivi, pasi ya baba yangu vile. Alikuwa amejiaminisha kwamba mtoto anaona haya kuwa binti wa dobi, ndiyo maana haongei. Akaona wivu, wivu kabisa, kwa watoto wa watu wasio na mtaa waliopewa maneno yote hayo. Yeye alikuwa ameyapata lini? Na alikuwa ameyauliza lini?

Akaizima pasi, akatoka na simu mkono mmoja na shuka mkono mwingine. Kimya alikuwa na povu mpaka viwikoni.

"Wanakutafuta," Dobi akasema.

Binti akatazama kioo, akaona picha, akamtazama baba yake kama mtu aliyekutana na mgeni anayefanana na ndugu. Muda ulikuwa unakwenda na mikono ilikuwa na sabuni, kwa hiyo Dobi akabonyeza alipoelekezwa, akamshikia simu karibu na mdomo. Kimya akaeleza. Alieleza shuka, maji, joto, na kwa nini pasi ikisahauliwa juu ya kitambaa kikavu ni kilio. Dobi alishika nusu, nusu ikampita. Mkono ukamuuma, hakuushusha.

Mwalimu hakukawia. Alisema amemchagua, na kwamba baba akiwa na maswali mengine ya mtego awatumie.

Kimya akacheka kwa sauti, pale pale uani. Dobi akashika alichokijua.

"Lakini hawakuniambia shuka ni la nani."

"Baba," Kimya akasema taratibu, "hilo ni langu. Nalilalia tangu darasa la saba."

Dobi akageuza upindo, akautafuta tena ule uzi ambao hakuwahi kuutia.