Jina la Mama Kwenye Daftari la Skuli

Skuli ninayosomesha ilijengwa na Waingereza, na mpaka leo haijajisahau. Jina limeshabadilishwa, bendera nayo imeshabadilishwa, lakini watu wa Mji Mkongwe bado wanaiita Skuli ya Kiingereza. Waliosoma hapo utawajua kwenye foleni yoyote: ndio wanaomsahihisha karani. Mimi sikusoma hapo, nilikwenda kusomesha tu, ila maradhi yao yameshaniambukiza.

Mwaka juzi mwalimu mkuu aliniagiza niandike historia ya skuli, kurasa chache za kusomwa siku watakapokuja wanafunzi wa zamani. "Wewe ndiye mwalimu wa historia," aliniambia, kana kwamba hilo ni kosa langu. Nikaanza na yale ambayo kila mtu anayajua: ngazi za mbao zinazolia, mwalimu mkuu wa kwanza, bibi wa Kiingereza aliyekagua kucha kila asubuhi, na kile kipande cha mti kilichotungwa uzi. Msichana aliyekamatwa akisema Kiswahili alivishwa hicho shingoni.

Mama yangu alisoma pale miaka miwili, utotoni mwake. Hilo nililijua, lakini hakupata kulizungumza. Siku nilipopata kazi pale jamaa wote walikuja kuniona darasani, yeye akatuma halua. Basi jioni ile, nyumbani Jang'ombe, nilimkuta anachagua mchele, nikamuuliza habari za kipande.

Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Ukivishwa unatega sikio," alisema. "Ukimsikia mwenzio kasema Kiswahili, unamvisha yeye. Jioni aliyenacho anachapwa, na jina linaandikwa. Siku moja nlikuwa nacho mimi. Chooni nkamsikia rafiki yangu analia, anamwita mama yake. Kwa Kiswahili, sasa amwite kwa lugha gani? Mama yake kafa wiki ile."

"Ukamvisha?"

"Sikuweza. Nkatoka nacho mpaka nje ya geti, nkenda nkakitupa baharini."

Kesho yake hakwenda skuli, wala kesho kutwa. Alijifanya ana homa. Wiki ileile babu yangu, aliyekuwa karani wa forodha, akahamishiwa Mkokotoni, mbali na mji, na mama akafurahi kuliko wote nyumbani. Lakini kuanzia hapo aliamini kwamba jina lake limeandikwa kule, na mbele ya jina limeandikwa neno mwizi.

"Daftari lao usilifungue, mwanangu," aliniambia. "Nakuomba."

Nilitii siku tatu. Mimi si mtu wa kutii sana, kwa hiyo siku tatu ni nyingi. Nilichokiogopa ni kwamba nisipolifungua mimi atalifungua mwengine, na siku ya wageni mtu atasimama asome kila kitu mbele ya watu. Siku ya nne nikachukua ufunguo wa stoo. Nilikuwa nimeshaamua: nikilikuta neno hilo, ukurasa ule utapotea, na historia inisamehe.

Daftari la wanafunzi lilikuwa zito, mchwa wameshakula jalada. Nilipitisha kidole kwenye majina. Nikamkuta mama. Kwenye safu ya sababu ya kuondoka, kwa mwandiko wa Kiingereza ulionyooka, waliandika hivi: baba amehamishwa, msichana mwema, akirudi apokelewe.

Nilikaa juu ya sanduku la chaki nikacheka peke yangu, machozi yananitoka.

Halafu nikafungua daftari la adhabu la mwaka uleule. Kila ukurasa una majina ya wasichana waliochapwa kwa kusema Kiswahili. Ghafla yanakatika. Kuna mstari mmoja tu, kipande kimepotea, na chini yake, kwa mwandiko uleule ulionyooka, wa mwalimu mkuu wa wakati huo: kisichongwe kingine. Kurasa zilizofuata zina waliochelewa na waliopigana, basi. Na sisi miaka yote tulikuwa tukiwasomesha watoto kwamba desturi ile ilikomeshwa na Serikali.

Niliyabeba madaftari yote mawili mpaka nyumbani, bila ruhusa ya mtu. Mama alivaa miwani akasoma mwenyewe, polepole, kwa kile Kiingereza chake cha miaka miwili. Aliporudia mara ya tatu akaivua miwani.

"Umri wote huu," alisema, "nnakwenda sokoni Darajani kwa kuzunguka, nisipite mlangoni pao." Alikasirika kwanza. Kisha akashusha pumzi ndefu, mabega yakateremka, na usingizi wa usiku ule ulikuwa wa kukoroma.

Asubuhi nilimkuta ameshavaa buibui lake jipya, mkoba mkononi, ananisubiri mimi. Sikumuuliza anakwenda wapi. Tulipofika getini, askari wetu, kijana mwenye adabu, alisimama.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kumwona nani?"

"Marahaba, baba. Sikuja kumwona mtu. Mimi mwanafunzi wa hapa, nimechelewa."

Askari akanitazama mimi. Nikamwambia amfungulie.